Hukumu imetoka, wewe inakuhusu vipi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mara kichwa cha habari kinapotangaza kwamba mahakama "imefuta" sheria fulani, maswali humiminika. Je, niache kulipa? Je, ndugu yangu atatoka gerezani? Je, yule mwajiri sasa amekwisha? Mara nyingi jibu la kweli huwa "subiri kidogo", na hakuna anayependa kuambiwa hivyo. Maswali haya yamekusanywa ili ujue unasubiri nini. Mifano ni kesi za kweli kutoka nchi mbalimbali. Kila nchi ina sheria zake, kwa hiyo chukua namna ya kufikiri, halafu namba za siku na vifungu uzihakikishe pale ulipo.

Bunge limepitisha muswada jana. Leo ni sheria?

Bado. Muswada unasubiri saini ya mkuu wa nchi, kisha tangazo katika Gazeti la Serikali, na hata hapo unaweza kukuta kifungu kinachosema sheria itaanza kutumika tarehe ambayo waziri ataitangaza. Zipo sheria zilizokaa muda mrefu zikiwa zimesainiwa lakini hazijaanza. Kifungu cha kuanza kutumika kwa kawaida kiko mwanzoni kabisa, karibu na jina la sheria, na watu hukiruka kwa sababu kinaonekana cha kujazia tu. Anza na hicho.

Angalia pia kama sheria inasema mambo fulani yatawekwa "kwa kanuni". Maana yake ni kwamba ada, fomu na muda wa mwisho havimo humo. Vitakuja baadaye katika karatasi nyingine, na hizo kanuni ndizo zitakazokugusa ukiwa umesimama dirishani.

Sikuijua hiyo sheria. Nitahukumiwa hivyo hivyo?

Kwa kawaida, ndiyo. Kutojua sheria si utetezi katika nchi nyingi, na sababu yake ni ya kawaida tu: kama ingekuwa utetezi, kila mtu angesema hakujua. Lakini kanuni hii si chuma kila mahali. Mwaka 1977 mahakama ya rufani ya Afrika Kusini, katika kesi ya De Blom, ilikubali kwamba mtu ambaye kweli hakujua kuwa anachofanya ni kosa anaweza kujitetea hivyo kwa makosa yanayohitaji nia. Kwingine, kutojua kunaweza angalau kupunguza adhabu. Ila usitembee ukitegemea hilo.

Kesi ni ya watu nisiowajua. Inanihusuje mimi?

Hili ndilo swali la msingi, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke mmoja aliingia mgahawani na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyelipa. Chupa ya soda ya tangawizi ilikuwa ya kioo cheusi, ndani huoni kitu. Kiasi kilimiminwa, akanywa. Rafiki alipomimina kilichobaki, anasema, likadondoka konokono lililoanza kuoza. Mwanamke akaugua, akamshtaki mtengenezaji.

Tatizo lilikuwa hili: hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Soda hakuinunua yeye, na mtengenezaji hakuwahi kumuuzia kitu. Kwa fikra za wakati ule, hapo ndipo kesi ingekufa. Mnamo Mei 1932, majaji watano wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza waligawanyika watatu kwa wawili, na wale watatu wakasema mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mtu atakayekitumia kitu chake, hata kama hawajawahi kukutana. Kesi hiyo ni Donoghue dhidi ya Stevenson.

Leo ukidai fidia kwa sababu ya dawa mbovu au breki iliyotengenezwa kizembe, katika nchi yoyote iliyorithi mfumo wa sheria wa Kiingereza, Tanzania na Kenya zikiwemo, hoja yako inapitia kwenye chupa ile. Mahakama za chini hufungwa na uamuzi wa mahakama za juu yao katika jambo linalofanana, na mahakama za nchi nyingine huweza kuuazima uamuzi huo kama hoja yenye uzito. Katika nchi zinazofuata mfumo wa Kifaransa au Kijerumani, kitabu cha sheria ndicho kinachotangulia na hukumu iliyopita haimfungi jaji kwa namna hiyo hiyo, ingawa hata huko hakimu anayezipuuza hukumu za mahakama ya juu anajua rufani inamsubiri.

Na lile konokono? Halikuwahi kuthibitishwa kuwepo. Majaji waliamua swali la sheria tu, wakichukulia kwamba maelezo ni ya kweli, na shauri likamalizwa kwa mapatano kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Habari zinasema mahakama imefuta kodi fulani. Kesho nilipe au nisilipe?

Lipa mpaka uthibitishe mambo matatu: ni mahakama ya ngazi gani, imetoa amri gani hasa, na je, kuna amri ya kusitisha utekelezaji.

Tazama Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 nchini Kenya, ile iliyopandisha kodi ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba sheria nzima ni batili kwa kuwa utaratibu wa kuitunga ulikiuka katiba. Watu wakashangilia. Mwezi Agosti Mahakama ya Juu ikasitisha utekelezaji wa hukumu hiyo hadi rufani isikilizwe. Tarehe 29 Oktoba ikaitengua, na sheria ikabaki hai. Kati ya shangwe na kilio ni siku 90 kamili. Mfanyabiashara aliyebadilisha bei na mahesabu yake yote tarehe 1 Agosti alijitafutia kazi mara mbili.

Kuna na aina nyingine ya amri, ambayo vyombo vya habari huimeza: mahakama inatamka kwamba sheria ni batili lakini inaahirisha ubatili huo, ikiipa serikali miezi kadhaa irekebishe. Katika kipindi hicho sheria inaendelea kukubana kama kawaida. Ukikamatwa ukiivunja, kusema "lakini ilishafutwa" hakutakufikisha mbali.

Nitajuaje hukumu imesema nini hasa?

Anzia mwisho. Kurasa za mwisho za hukumu ndiko ziliko amri, na mara nyingi zimepangwa kwa namba. Zile kurasa 80 za katikati ni njia iliyowafikisha majaji hapo.

Halafu tofautisha sababu iliyoamua kesi na maneno ya pembeni. Jaji anaweza kutoa maoni mazuri sana juu ya jambo ambalo halikuwa mbele yake. Maoni hayo hayamfungi mtu. Na maoni ya jaji aliyepingana na wenzake, hata yawe matamu kiasi gani, ni ya upande ulioshindwa. Mara nyingi ndiyo yanayosambazwa mitandaoni, kwa sababu yameandikwa kwa hasira.

Mfano unaouma zaidi ni wa kesi ya Muruatetu. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema adhabu ya kifo isiyompa jaji nafasi ya kuchagua adhabu nyingine ni kinyume cha katiba. Kesi yenyewe ilikuwa ya mauaji. Lakini mahakama za chini zikaanza kuitumia hata kwa waliofungwa kwa wizi wa kutumia nguvu na makosa ya kujamiiana, wafungwa wengi wakarudishwa mahakamani na wengine wakapunguziwa adhabu. Julai 2021 Mahakama ya Juu ikatoa maelekezo: tulikuwa tunazungumzia mauaji tu, hayo mengine hayakuwa mbele yetu. Kama mahakimu na mawakili walitofautiana kwa zaidi ya miaka mitatu juu ya hukumu hiyo moja, usione aibu kuisoma mara mbili.

Mahakama ilishaamua miaka mingi iliyopita. Mbona hakuna kilichobadilika?

Kwa sababu mahakama haina polisi wake, haina bajeti ya kujenga nyumba, wala haichapishi vitabu vya sheria. Inatamka, na wengine ndio watekeleze.

Julai 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinakiuka katiba. Vifungu hivyo viliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, ilhali mvulana wa kawaida alisubiri miaka 18. Serikali ilipewa mwaka mmoja irekebishe. Badala yake ikakata rufani. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Hata hapo, vifungu havikuondoka kitabuni kesho yake, maana kuvifuta na kuandika vipya ni kazi ya bunge.

Kesi ya Grootboom ya Afrika Kusini inasikitisha zaidi. Oktoba 2000 Mahakama ya Katiba ilisema serikali lazima iwe na mpango unaowafikia watu wasio na makazi kabisa. Kesi hiyo inafundishwa vyuo vikuu duniani kote. Mama aliyeipa kesi jina lake alifariki mwaka 2008 akiwa bado hajapata nyumba ya maana. Amri ilihusu mpango, haikutaja nyumba yake.

Kwa hiyo ukiona hukumu inayokupa haki, uliza: imemwamuru nani, afanye nini, kwa muda gani, na asipofanya nani atamrudisha mahakamani? Hukumu isiyojibu maswali hayo bado ina thamani, kwa sababu unaweza kuitumia kama ngao ukishtakiwa au ukinyimwa huduma, lakini usiisubiri ije kukubishia hodi.

Bunge linaweza kuigeuza hukumu?

Linaweza kubadilisha sheria iliyosababisha hukumu, mradi lisikiuke katiba. Novemba 2023 Mahakama Kuu ya Kenya iliona tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara ni batili, moja ya sababu ikiwa kwamba ilibebeshwa wenye ajira rasmi peke yao. Machi 2024 ikaja sheria mpya. Tozo ikarudi, ni ile ile asilimia 1.5, safari hii ikiwagusa na wenye kipato kisicho cha mshahara. Yaani hoja ya ubaguzi ilisikilizwa, na dawa iliyopatikana ikawa kuwaongeza walipaji. Mshinde kesi kwa hoja gani ni jambo la kufikiria mapema.

Kuna tangazo ukutani: "Hatuhusiki na upotevu wala ajali." Ndiyo basi?

Tangazo si sheria. Ni pendekezo la sharti la mkataba, na sharti lazima ulijue, au uwe umepewa nafasi ya haki ya kulijua, kabla hujafunga mkataba.

Jijini London, mpiga tarumbeta mmoja aliingiza gari kwenye maegesho ya ghorofa. Taa ikageuka kutoka nyekundu kuwa kijani, mashine ikatoa tiketi, akaegesha. Aliporudi kuchukua gari akapata ajali mbaya mle ndani. Wenye maegesho wakasema tiketi ilieleza kwamba kuna masharti, na masharti yalibandikwa ndani, yakisema hawawajibiki hata kwa majeraha. Desemba 1970 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikakataa (Thornton dhidi ya Shoe Lane Parking). Jaji Denning alieleza kwamba mkataba ulishafungwa pale mashine ilipotoa tiketi. Hakuna anayeweza kujadiliana na mashine; hata ukiitukana haitajali. Sharti linalokuja baada ya hapo limechelewa, na sharti zito kiasi hicho linahitaji kuonyeshwa kwa namna isiyoweza kukosekana machoni.

Saini ni habari nyingine. Ukisaini, kwa kawaida umekubali hata ambacho hukusoma. Zipo haki ambazo sheria hairuhusu uzisaini, kama vile kinga za chini za mfanyakazi katika nchi nyingi, lakini ni chache kuliko watu wanavyodhani.

Sina risiti hata moja yenye jina langu. Ndoa ikivunjika nina haki gani?

Kwa Tanzania, soma kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja katika kupata mali. Majaji wengine walikuwa wakisema mchango ni fedha au kazi ya mikono inayoonekana. Wengine wakisema kupika, kufua na kulea navyo ni mchango. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakata mzizi: kazi za nyumbani ni mchango.

Kinachosahaulika ni kwamba Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu. Mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe za mradi wa familia alizitapanya. Alishinda hoja, akakosa mali. Wanawake wengi waliokuja baada yake ndio waliokula matunda. Na bado mpaka leo mchango lazima uuthibitishe, kwa hiyo tunza kumbukumbu zozote ulizo nazo.

Sheria mpya inaweza kuniadhibu kwa nililofanya zamani?

Kwa makosa ya jinai, hapana: Ibara ya 11 ya Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 inakataza, na katiba nyingi zimeifuata. Kwa mambo mengine, kodi zikiwemo, kinga hiyo ni dhaifu zaidi.

Hukumu ndizo zenye utata. Jaji hasemi "kuanzia leo sheria ni hii". Anasema sheria ndivyo ilivyo, na hapo inagusa hata yaliyopita. Mwaka 1991 mahakama ya juu ya Uingereza ilisema mume anaweza kuwa na hatia ya kumbaka mkewe, ikaacha fikra ya karne kadhaa. Mshtakiwa alilalamika kwamba alipotenda halikuwa kosa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimjibu mwaka 1995 kwamba mabadiliko hayo yalikuwa yanaonekana yanakuja, na kwamba kinga dhidi ya adhabu ya kurudi nyuma haikuwekwa kulinda ukatili wa namna hiyo.

Polisi hawakunisomea haki zangu kama kwenye filamu. Kesi imekufa?

Hapana. Maneno yale yanatokana na kesi ya Miranda ya Marekani ya mwaka 1966, na hata huko yanahusu mahojiano ya mtu aliye chini ya ulinzi. Yakikosekana, kinachotupwa ni maelezo aliyoyatoa, kesi inaweza kuendelea kwa ushahidi mwingine. Kwako tafuta katiba yako inasema nini juu ya aliyekamatwa. Ya Kenya, kwa mfano, imeziorodhesha haki zake katika Ibara ya 49.

Amri ya mahakama ni ya uonevu mtupu. Lazima niitii?

Itii, halafu ipinge. Amri inabana mpaka itenguliwe na mahakama yenye mamlaka. Jacob Zuma, rais mstaafu wa Afrika Kusini, alikataa kufika mbele ya tume ya uchunguzi kutoa ushahidi kama Mahakama ya Katiba ilivyoamuru. Juni 2021 akahukumiwa miezi 15 kwa kudharau mahakama. Wajibu wa shahidi ni huo huo kwa mtu wa kawaida: ukipewa hati ya kuitwa shaurini, kazi nyingi si sababu.

Nina muda gani wa kudai?

Mfupi kuliko unavyofikiri. Hapa ndipo watu wenye haki kabisa hupotea. Tanzania na Kenya zinalingana kwa madai ya kawaida: mkataba miaka 6, madhara uliyofanyiwa nje ya mkataba miaka 3, ardhi miaka 12. Lakini mfanyakazi wa Tanzania anayelalamika kwamba ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku 30! Wengi huzimaliza wakimbembeleza mwajiri, ambaye naye anajua kuhesabu. Mbembeleze, ila fomu iwe imeshapokelewa.

Naweza kwenda bila wakili?

Unaweza, na kwa madai madogo wengi hufanya hivyo. Kwa kosa zito la jinai, usikubali kirahisi. Clarence Gideon alishtakiwa Florida kwa kuvunja nyumba ya mchezo wa pool, akaomba wakili, akanyimwa, akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano. Akiwa gerezani aliiandikia Mahakama ya Juu ya Marekani ombi kwa penseli. Mwaka 1963 majaji wote tisa walikubaliana naye kwamba asiye na uwezo lazima apewe wakili. Kesi ikarudiwa akiwa na wakili, ambaye alimhoji shahidi mkuu mpaka ushahidi ukayeyuka. Baraza la raia wanaoamua kesi likamwachia.

Hukumu zenyewe nazipata wapi?

Bure mtandaoni: TanzLII kwa Tanzania, Kenya Law kwa Kenya. Nyingi ziko kwa Kiingereza, ingawa Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021. Tafuta kwa namba ya shauri, si kwa kichwa cha habari, na kabla hujaitegemea tazama kama kuna rufani iliyofuata.